Muulize Mkutubi: "Nimesachi weee, hakuna kitu"

Mwezi huu meseji zimejaa na karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu kaingia maktaba ya mtandaoni, kaandika anachotaka, imemletea patupu au imemletea vitu laki moja visivyohusika, kakata tamaa kafunga simu. Nimechagua chache zinazofanana na za wengi. Mlioniuliza kuunganisha printa na simu naomba mnisamehe, hiyo ni kazi ya fundi.

Shikamoo anti. Mimi ni mwanafunzi wa historia mwaka wa tatu, kwetu ni Old Moshi na nataka kufanya risechi kuhusu mangi, yaani chifu, wa kwetu kabla Mjerumani hajaishika nchi vizuri. Mwalimu kasema niingie Internet Archive kuna vitabu vya zamani vya bure. Nikaandika "historia ya Wachaga na Mangi Rindi", hakuna kitu. Nikaandika "Wachaga" tu, vikaja vichache vya juzi juzi. Hivi kweli vipo au mwalimu kanizingua? — Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu. Mwalimu hajakuzingua, vipo tena vingi, ila umeviita kwa majina ambayo vyenyewe haviyajui. Kabla hujagusa kibodi jiulize, miaka ile nani alikuwa anaandika habari za Moshi? Wamisionari, wapelelezi na maafisa wa Kijerumani. Waliandika kwa lugha gani? Kiingereza na Kijerumani, kwa hiyo hilo neno "historia ya" futa kabisa, linakuharibia tu. Na jina la watu wa kwenu walilisikia vipi na wakaliandika vipi? Hapo ndo kazi yenyewe ilipo.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf kwenye kitabu chake cha safari cha 1860 anaandika Jagga. Wajerumani wanaandika Dschagga, na watu wenyewe Wadschagga. Waingereza wa baadaye utakuta Chaga, Chagga, Wachagga, kila mtu na lake. Mji kwa Mjerumani ni Moschi, mlima ni Kilimandscharo. Harry Johnston aliyefika huko 1884 kitabu chake cha 1886 jina la mlima limeandikwa Kilima-Njaro, na kistari katikati, sasa wewe ukiandika Kilimanjaro neno moja mashine inaweza ikakipita kana kwamba hakipo. Yenyewe inalinganisha herufi tu, haijui kwamba huo ni mlima uleule.

Na huyo Mangi Rindi ndo kabisa. Nyumbani mnasema Rindi, wageni karibu wote walimuita Mandara, na ni huyohuyo aliyefariki 1891. Kwa hiyo sachi Mandara. Ila angalia, kule Kamerun kuna milima inaitwa Mandara, na Kamerun nayo ilikuwa ya Mjerumani enzi hizohizo, utaletewa milima mpaka uchoke. Dawa yake usiliache jina peke yake, andika Mandara AND Moschi, halafu rudia Mandara AND Moshi, hiyo AND iwe kwa herufi kubwa. Mwanae Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani 1900, shida yake ni nyingine, ukiandika Meli peke yake kwenye maandiko ya Kiswahili unaletewa vyombo vya baharini. Mfunge pamoja na Moschi au Dschagga.

Jambo la pili ambalo wengi hawalioni kwa sababu limeandikwa kwa herufi ndogo. Pale Internet Archive ukiandika neno ukabonyeza, yenyewe kwa kawaida haitafuti ndani ya kitabu, inatafuta kwenye maelezo ya nje tu, yaani jina la kitabu, mwandishi, mwaka, na mistari miwili mitatu ambayo aliyekipandisha aliamua kuandika. Sasa Mandara hayupo kwenye jina la kitabu chochote cha maana, yupo ukurasa wa mia na ngapi huko. Kwenye sanduku la kutafutia kuna sehemu ya kuchagua, chagua ile inayosema "text contents", hapo ndo inaingia ndani kwenye kurasa. Watu wanaondoka wakiamini hakuna kitu kumbe walisoma majalada tu.

Ukishaingia humo matokeo yanakuwa mengi kupita kiasi, basi unayapunguza kwa miaka. Pembeni kushoto kuna filta ya mwaka, kwenye simu imejificha, itafute. Weka 1848, mwaka ambao mmisionari Rebmann aliuona mlima, mpaka 1918 hivi, utaona takataka zote za blogu na ripoti za utalii zinakimbia. Majina ya maneno mawili yafunge kwenye alama za mnukuo, "Old Moshi", la sivyo inakuletea kila chenye "old" na kila chenye "Moshi". Na ukitaka majina yote kwa mpigo andika Dschagga OR Wadschagga OR Jagga OR Chagga, OR nayo herufi kubwa, ukiandika kwa ndogo huna uhakika itaelewa.

Sasa nikupe na siri ya Fraktur. Ni ile fonti ya Kijerumani ya zamani yenye mikia mikia. Vitabu vimepigwa picha, halafu programu ikasoma picha ikazigeuza maandishi, na kwenye Fraktur herufi s ya katikati ya neno inafanana na f, tofauti ni kijistari kidogo mno. Programu inakosea. Kwa hiyo Moschi humo ndani inaweza kuwa imehifadhiwa Mofchi, na Dschagga ikawa Dfchagga. Najua inaonekana kichekesho lakini jaribu kuandika hivyohivyo na kosa lake uone, kuna kurasa hazipatikani kwa njia nyingine. Hata kwenye vitabu vya Kiingereza m hugeuka rn, Bagamoyo ikawa Bagarnoyo, na jicho lako halitaona tofauti kabisa kwenye skrini ya simu.

Ukishapata kitabu usianze kusoma kurasa mia nne. Ndani ya kisomeo kuna kialama cha lenzi, andika jina humo, utaona vialama vimechomekwa kwenye ule mstari wa chini, kila kimoja ni sehemu jina lilipotajwa. Na kitabu ambacho Archive hawakifungui kijaribu HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni. Wale wana tabia nzuri moja, hata kitabu kikiwa kimefungwa kwa haki za mwandishi bado wanakuambia neno lako liko kurasa zipi. Unachukua namba za kurasa unamwandikia mwalimu au ndugu aliye chuo cha nje akupigie picha kurasa mbili. Pia HathiTrust vipo vitabu vinafunguka kwa aliyeko Marekani tu, kwako vikawa vimefungwa, usidhani simu yako imeharibika.

Habari za kazi dada mkutubi. Mimi ni mama wa nyumbani, ndoa yangu ya miaka mingi iko mahakamani na upande wa pili wananiambia sina mgao kwa sababu sikuwahi kuajiriwa. Jirani kasema kuna kesi ya zamani ya "Bi Hawa" ilishasema kazi za nyumbani zinahesabika na kwamba hukumu zote ziko TanzLII bure. Nimeingia nimeandika "mgawanyo wa mali za ndoa mama wa nyumbani", sijaiona hiyo kesi. Nisaidie. — Msomaji, Mwanza

Nzuri dada, pole na yanayokukuta. Jirani yako yuko sahihi na kesi ipo. Kinachokukwamisha ni lugha. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani miaka yote hukumu zimeandikwa Kiingereza, hata baada ya sheria kubadilishwa 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama bado rundo kubwa la nyuma ni Kiingereza vilevile. Kwa hiyo ukiandika mali za ndoa unatafuta kwenye kona ndogo sana ya hiyo maktaba. Andika "matrimonial property" ndani ya alama za mnukuo. Halafu ongeza section 114, hicho ndo kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachohusu kugawana mali, mawakili wanakitaja kila mara, na namba ya kifungu ni chambo kizuri kuliko maelezo marefu.

Kesi yenyewe ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Sasa majina ya watu wetu unayajua, Mohamed huyohuyo kuna hakimu kaandika Mohammed, mwingine Mohamedi, na Sefu utamkuta Seif, Ally utamkuta Ali. Ukiandika jina zima kwa usahihi wote umejifungia mlango mwenyewe. Andika "Bi Hawa" peke yake kwenye mnukuo, hilo halibadiliki sana. Na kwenye hukumu za wengine inatajwa kama [1983] TLR 32, yaani imechapwa kwenye juzuu za ripoti za sheria za Tanzania za mwaka huo ukurasa wa 32. Kuisachi kwa hiyo namba kunakuletea kesi zote zilizoiegemea baadaye, na hizo ndo za maana kwako zaidi kuliko ya kwanza, maana zinaonyesha majaji wa siku hizi wanaitumiaje.

Ukiipata isome mpaka mwisho dada yangu, usiishie kwenye sentensi tamu. Mahakama ilisema kweli kwamba kazi za nyumbani ni mchango, hiyo ndo imebaki kuwa sheria, lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa kwa jinsi alivyotumia hela alizopewa na mumewe. Upande wa pili wataisoma hiyo sehemu kabla yako.

Kingine, kila hukumu mpya utaona ina kitu kama [2019] TZCA halafu namba. Mwaka, mahakama, namba. TZCA ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Ukikuta hukumu nzuri ya TZHC usifurahi haraka, chukua majina ya wahusika uyasachi tena uone kama kuna TZCA ya baadaye, inawezekana ilipinduliwa au ilithibitishwa. Mfano unaojulikana ni kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa wasichana kuolewa, Mahakama Kuu iliamua 2016, serikali ikakata rufaa, Rufani ikaamua Oktoba 2019 na kumpa ushindi Rebeca. Huko majina yakageuka, aliyekuwa wa pili akawa wa kwanza kwa sababu ndiye mkata rufaa. Anayetafuta kwa mpangilio wa mwanzo anaikosa. Na ukisoma sheria yenyewe angalia ni toleo la mwaka gani, ziko zenye R.E. (toleo lililorekebishwa) 2002, R.E. 2019 na R.E. 2023, chukua la karibuni.

Walioko Kenya mambo ni hayohayo, tovuti yao ni Kenya Law, vifupisho ni KECA na KEHC, na sheria ya kuitaja kwenye utafutaji ni ya mali za ndoa ya 2013. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, msije mkabeba hukumu ya Bara mkaenda nayo mahakama za huko. Na dada, ukishaprinti zako mbili tatu, wapelekee watu wa msaada wa kisheria wakusomee, usiende nazo kizimbani peke yako.

Mambo vipi mkutubi. Nasoma M.A. Kiswahili, niko Mbeya. Mada yangu ni mwanamke kwenye riwaya na msimamizi anataka "tafiti tangulizi" zisizopungua ishirini. Nimeingia repozitori (hifadhi ya tasnifu mtandaoni) ya chuo kikuu huria na ya UDSM, nikaandika "mwanamke", zikaja chache, na wenzangu wananiambia ziko nyingi. Wao wanatumia ujanja gani? — Mwanachuo, Mbeya

Poa. Hawana ujanja wowote, wameandika neno tofauti na lako tu. Hizi mashine zimetengenezwa na watu ambao lugha zao neno linabadilika mkiani, kwao ukiandika mwanzo wa neno ukaweka kinyota mwishoni unapata ndugu zake wote. Kiswahili kinabadilika kichwani. Mwanamke na wanawake kwa mashine ni maneno mawili yasiyojuana kabisa. Mkulima, wakulima, kilimo, kulima, ukilima, hapo una maneno matano. Ukiweka kinyota mwana* ndo umejimaliza, mwanafunzi, mwanajeshi, mwanahabari wote wanakuja, na wanawake bado hawajaja. Na kinyota mbele mashine nyingi zinakikataa.

Kwa hiyo chukua karatasi, kweli karatasi, andika kila umbo la neno lako kabla hujafungua tovuti. Kwa mada yako: mwanamke, wanawake, mke, kike, wahusika wa kike, msichana, jinsia, ufeministi, ufeministi wa Kiafrika. Halafu fikiria vichwa vya tasnifu zetu vinavyoandikwa, maana tuna mazoea yetu. Nani anaandika "mwanamke kwenye riwaya"? Hakuna. Wanaandika "Usawiri wa mwanamke katika...", "Nafasi ya mwanamke katika...", "Taswira ya...", "Dhima ya...", "Uhakiki wa...". Neno usawiri ndo dhahabu yako, liandike peke yake uone zitakavyomwagika, mpaka utaanza kujiuliza kama kuna mtu Tanzania hajasawiriwa.

Jaribu na Kiingereza pia hata kama tasnifu ni ya Kiswahili, maana nyingi zina ikisiri kwa lugha zote mbili, na wakati mwingine karani aliyeipandisha alijaza mada kwa Kiingereza tu, "women in literature", "Swahili fiction". Na ukiona sanduku la kutafutia la repozitori linazingua, achana nalo nenda Google, andika site:repository.out.ac.tz halafu "usawiri wa", bila nafasi baada ya hiyo nukta mbili. Google inakuletea za humo tu. Ukiongeza filetype:pdf unapata mafaili yenyewe badala ya kurasa za utambulisho.

Majina ya waandishi. Repozitori zinaanza na jina la ukoo, koma, halafu la kwanza, na mara nyingi la kwanza ni herufi tu. Mugyabuso Mulokozi utamkuta Mulokozi, M. M., kwa hiyo ukiandika majina yote mawili kwenye mnukuo kama unavyomtamka hutoki. Andika la ukoo peke yake halafu chuja. Kwa watu wa pwani ndo mtihani, bin na binti na al- kila karani anaviweka anapojua yeye, jaribu kila kipande.

Kuna na hili jarida la TUKI, siku hizi TATAKI, ile taasisi ya Kiswahili ya UDSM, linaitwa Kiswahili. Basi. Kiswahili. Ukiligugo unaletewa dunia nzima. Aliyelibatiza hakuwaza kwamba ipo siku watu watatafuta kwa mashine, na hatuwezi kumlaumu. Usilitafute kwa jina, ingia kwenye ukurasa wa majarida ya UDSM uliperuzi juzuu kwa juzuu, na ukiwa hapo mchukue na mdogo wake, Mulika. Kuperuzi watu wanakudharau lakini nusu saa ya kupitia yaliyomo inaweza kukupa makala ambazo hata ungeandika maneno gani usingezikisia.

Halafu ishirini za msimamizi hazitoki kwenye kutafuta peke yake. Ukipata tasnifu moja nzuri inayokaribia mada yako, nenda moja kwa moja nyuma kwenye marejeleo. Aliyeiandika alishahangaika miaka miwili kukukusanyia. Chukua vichwa vyake kimoja kimoja uvisachi kwenye mnukuo, maneno matano sita ya mwanzo yanatosha, ukiandika kichwa kizima ukakosea koma moja umeula wa chuya. Usinakili tu marejeleo ya mwenzio bila kufungua, wasimamizi wanajua, kosa la tahajia la mtu wa kwanza linasafiri kwenye tasnifu saba za baadaye na wao wanalitambua kwa sura.

Asalaam aleikum bibi. Niko Maskati, wazee wetu ni wa Lamu. Marehemu babu akisema kuna vyuo vya mkono, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vya msikiti wa Riyadha vimepigwa picha na Waingereza na vimewekwa mtandaoni, na tendi za zamani ziko London. Nimeandika jina la msikiti na jina la Habib Swaleh kwa njia zote, sioni. Naandika vipi? — Mjukuu, Maskati

Waaleikum salaam, Mungu amrehemu babu. Alisema kweli. Vya Riyadha vilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, Endangered Archives Programme, na mradi wenyewe una namba, EAP466. Usihangaike na jina, andika hiyo namba kama ilivyo, herufi na tarakimu bila nafasi. Jina linakusumbua kwa sababu wao wameandika Riyadh Mosque, bila ile a ya mwisho, kama mji wa Saudia. Na Habib Swaleh kwa wanaoandika Kiarabu kitaalamu anakuwa Salih, tena wengine wanamwekea nukta chini ya S na H na vistari juu ya herufi, mashine nyingine zinavumilia nyingine hazivumilii. Kibodi ya Kiarabu huko Maskati unayo, jaribu pia kuandika kwa Kiarabu chenyewe.

Za London ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Kwanza ujue maandishi ya mkono hayasomwi na programu kama yalivyo ya kupiga chapa, hasa ya herufi za Kiarabu yenye Kiswahili ndani. Kwa hiyo usitafute ubeti. Mstari wa utendi unaoukumbuka kwa moyo hautakufikisha popote, kinachotafutika ni maelezo ya katalogi tu, jina la utendi, mtunzi, lugha na namba.

Pili, na hili ndo linalowapoteza wengi wetu, zile nyaraka hazikupangwa kwa jina la mtunzi wala la mnakili, zimepangwa kwa jina la Mzungu aliyezikusanya. Taylor, Hichens, Werner, Knappert, Allen. Kazi za mshairi Muyaka zilizokusanywa Mombasa kwa jasho la Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi utazikuta chini ya William Taylor, mmisionari. Sijapenda lakini ndo hali, sachi kwa jina la mkusanyaji kwanza halafu ndani yake ndo utafute chako. Jaribu utenzi na utendi pia, maana katalogi nyingine zimefuata Kiamu nyingine Kiunguja, na Mwana Kupona kuna aliyemuunganisha akawa Mwanakupona. Ukikuta picha, andika namba ya mswada kwenye daftari palepale. Ukitaka kumuuliza mkutubi wao kwa imeili, namba hiyo ndo inayofanya ujibiwe mapema, "ule utendi wa Lamu" hawana pa kuanzia.

Anti bando linaisha! Kitabu kimoja PDF MB 80 na ninachotaka ni kurasa tatu. Halafu kingine nimekiona jana kinaazimishwa leo kimetoweka. — Kijana wa bando la wiki

Usidaunlodi PDF mwanangu. Pale Internet Archive chini ya kitabu kuna orodha ya namna za kudaunlodi, tafuta "full text", hilo ni faili la maandishi matupu bila picha, jepesi kabisa ukilinganisha na hiyo PDF. Tafuta jina lako humo kwa kile kitafutio cha simu. Maandishi yatakuwa na makosa ya kusomwa na mashine, hayo ni ya kukuonyesha sehemu tu, ukishajua ni ukurasa wa ngapi fungua ule mmoja kwenye kisomeo uthibitishe kabla hujanukuu.

Kilichotoweka huenda ni mambo ya kesi. Wachapishaji wakubwa waliishitaki Internet Archive kwa kuazimisha vitabu vyenye haki za mwandishi, mahakama ya Marekani ikawapa ushindi wachapishaji 2023, rufaa nayo ikaanguka 2024, na zaidi ya vitabu laki tano vikaondolewa kwenye kuazimishwa. Vile vya zamani ambavyo haki zimekwisha havijaguswa. Kwa cha karibuni angalia WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia, uone maktaba gani iliyo karibu nawe inacho cha karatasi.

Mkutubi, ripoti ya wizara niliyoinukuu kwenye tasnifu linki imekufa, na utetezi ni wiki ijayo. Nifanyeje? — Niko hoi, Dodoma

Kopi hiyo linki iliyokufa kama ilivyo, nenda web.archive.org, ibandike kwenye sanduku. Itakuja kalenda yenye vidoti kwenye tarehe ambazo ukurasa ulihifadhiwa. Bonyeza cha bluu, hicho ndo ukurasa uliokuwa unafunguka vizuri, kijani ni kwamba ulikuwa umehamishiwa kwingine, chungwa na nyekundu ni makosa, usipoteze muda nazo. Ikifunguka daunlodi hapohapo, na kwenye marejeleo weka hiyo linki mpya ndefu pamoja na tarehe.

Isipokuwepo, angalia kipande cha mwisho cha linki, kile kinachoishia .pdf. Hilo ni jina la faili. Tovuti za wizara zikifanyiwa ukarabati mafaili yanahamishwa folda lakini mara nyingi jina linabaki lilelile. Ligugo kwenye alama za mnukuo. Ukikosa tena fungua ripoti nyingine yoyote iliyoinukuu hiyo, chukua sentensi moja ya ajabu ajabu kutoka humo, maneno nane hivi, weka kwenye mnukuo. Na leo hii, kabla hujalala, pitia linki zako zingine zote.